Mipira ya hita ya Land Cruiser ya zamani: nibadilishe mmoja au yote?

*"Nina Land Cruiser 80 Series ya mwaka 1994, dizeli, injini ya 1HZ. Naishi Njombe, na asubuhi za Juni na Julai hita kwangu ni lazima. Hivi karibuni maji ya rejeta yanapungua kidogo kidogo, na kuna unyevu mwekundu kwenye valvu ya hita pale ukutani nyuma ya injini. Valvu yenyewe ni ya plastiki na ina ufa. Fundi wangu ameibinya mipira akasema ni mizima, haina mpasuko wowote. Anashauri tukate hita, tuunganishe mipira miwili kwa U, habari iishe, kwa sababu hita haihusiani na injini. Mwingine ameniambia nitoe na themostati kabisa ili gari lisichemshe. Halafu nikishuka Dar, AC haipoi vizuri tangu zamani. Sijui kama inahusiana. Wiki ijayo nina safari ya Dar. Nibadilishe nini, niache nini, na je, naweza kusafiri hivi hivi?"*

Ndugu yangu, kabla hujanunua chochote, tuiweke sawa ile kauli kwamba hita haihusiani na injini. Inasemwa sana kwenye gereji, na ndiyo inayofanya watu wenye magari mazuri waharibu silinda hedi, kile kichwa cha injini, kwa ajili ya kipande cha mpira.

Hita ya gari lako haina maji yake. Maji yaliyotoka kupoza silinda hedi yanachepushwa kwa mpira mmoja hadi kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini. Pale yanapita kwenye valvu, yanaingia kwenye kirejeta kidogo kilichofichwa nyuma ya dashibodi, kisha yanarudi kwa mpira wa pili upande wa wota pampu. Ni maji yale yale na presha ni ile ile. Mipira hii mingi kwenye gari kama lako ina tundu la milimita 16 hivi. Mmoja ukipasuka wakati injini iko kwenye mzigo, pampu inayamwaga maji ya injini barabarani kwa dakika chache tu. Wala kuweka lango la hita (kile kidhibiti cha joto kwenye dashibodi) kwenye baridi hakukulindi, kwa kuwa mpira unaofika kwenye valvu na ule unaorudi kwenye pampu vyote vinabaki na presha muda wote injini ina joto.

Kwa wewe unayeishi Njombe kuna jambo zaidi. Mji wenu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi kama 93, si 100. Injini yako inafanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu, na ikipanda mlima na mzigo inapita 90. Kinachozuia maji yasichemke ni presha. Kifuniko cha rejeta chenye alama ya presha ya 0.9, ambacho ndicho kipo kwenye Toyota nyingi za umri huu, kinaposhika vizuri kinapandisha kiwango cha kuchemka hapo kwenu hadi karibu nyuzi 115, na kulanti, ile dawa ya rejeta inayochanganywa na maji, inaongeza nyuzi kadhaa juu yake. Sasa valvu yenye ufa inavujisha maji, na inavujisha presha pia. Unaweza kuwa na rejeta iliyojaa hadi juu na bado gari likachemsha, kwa sababu ile nafasi ya nyuzi ishirini na zaidi imeondoka. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "inavuja kidogo tu, nitaongeza maji".

Usiutegemee sana pia mshale wa temperecha. Kwenye Toyota za miaka hiyo mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likibadilika kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo unapouona unapanda ujue hali imeshakuwa mbaya. Tena, maji yakiisha kabisa, kihisio kinabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka. Nimewaona madereva wakifurahi kwamba gari limepoa, kumbe halina tone la maji. Ishara ya kuaminika zaidi ni hita yenyewe: ikiwa uliiweka kwenye moto na ghafla ikaanza kupuliza hewa baridi, simama mara moja, maji hayafiki tena huko juu.

Tuje kwenye mipira ambayo fundi ameibinya akaikuta mizima. Simlaumu; kwa nje huenda iko sawa kweli. Mipira hii hutengenezwa kwa raba aina ya EPDM yenye nyuzi za kuimarisha katikati, na raba hiyo inavumilia joto na jua vizuri. Tatizo lake mara nyingi linaanzia ndani. Maji ya rejeta yanapitisha umeme kidogo, bomba la chuma liko upande mmoja na raba yenye kaboni upande mwingine, kwa hiyo panakuwa na mkondo mdogo sana wa umeme unaokula raba kutoka ndani. Vinatokea vipasuko vyembamba vinavyofuata urefu wa mpira, hasa kwenye sentimita tano za mwisho karibu na klipu. Maji yanapenya humo hadi kwenye nyuzi, nyuzi zinaoza, na siku moja mpira unafumuka bila kutoa taarifa.

Kwa hiyo ukibinya, usibinye katikati. Injini ikiwa ya baridi kabisa, shika mpira karibu na klipu kwa vidole viwili, kisha shika katikati ya mpira huo huo, ulinganishe. Mwisho wa mpira ukiwa laini kuliko katikati, au ukihisi kama kuna mfereji au mikwaruzo ndani, umekwisha. Ukiwa mgumu na unatoa mlio wa kukwaruza unapobinywa, nao umekwisha kwa joto. Ukiwa umevimba na unanata, umeguswa na oili. EPDM haielewani kabisa na oili, na 1HZ ya zamani inayovuja kwenye kava ya juu inadondoshea mipira oili kila siku. Mipira yako ikiwa ni ile iliyotoka na gari, ina zaidi ya miaka 30, na hapo hata sihitaji kuibinya: ibadilishe yote. Hiyo ni pamoja na vipande vifupi vinavyounganisha mabomba ya chuma na ile ya hita ya nyuma, kama gari lako ni la aina yenye hita ya pili chini ya kiti cha mbele. Hiyo ya nyuma husahaulika sana, kwa sababu mipira yake inapita chini ya gari kwenye matope na mawe, na hakuna anayelala chini kuitazama mpaka kabini inuke harufu tamu ya kulanti.

Mwenye 80 Series ya petroli yenye injini ya 1FZ-FE anisikilize pia. Nyuma kabisa ya injini ile, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, kuna kipande kifupi cha mpira wa hita ambacho mkono hauingii kirahisi. Kwa kuwa kukifikia ni shida, mafundi hubadilisha mipira inayoonekana na kukiacha, na silinda hedi ya injini hiyo ni ya aluminiamu, haisamehe kuchemsha.

Valvu nayo. Plastiki inayokaa kwenye joto la injini kwa miongo mitatu haiwezi kubaki ngumu kama siku ya kwanza. Kwenye 100 Series, iliyoanza kuuzwa 1998, vile vipande vya plastiki vyenye umbo la T vinavyogawa maji ya hita pale ukutani vikizeeka vinavunjika mkononi kama biskuti, mara nyingi siku ile ile fundi anapougusa mpira wa jirani. Valvu yako iko kwenye hali hiyo hiyo. Usijaribu kuiziba kwa gundi, wala usimwage ndani ya rejeta dawa ya kuzibia matundu. Dawa hiyo haichagui tundu. Itakwenda kukaa kwenye vimirija vyembamba vya kirejeta cha hita, na utakuwa umebadilisha tatizo la nusu siku kwa tatizo la kufungua dashibodi.

Na ndiyo, AC yako inaweza kabisa kuwa inahusiana. Valvu isiyofunga vizuri inaruhusu maji ya moto kupita kwenye kirejeta cha hita hata ukiwa umeweka baridi kabisa, na hewa iliyopozwa na AC inapita karibu na chuma hicho cha moto kabla haijakufikia usoni. Njombe hulioni hilo kwa sababu ya hali ya hewa, Dar unaliona. Pima hivi: gari likiwa na joto, weka lango kwenye baridi, subiri dakika kadhaa, kisha gusa kwa tahadhari mpira unaotoka kwenye valvu kuingia kabini. Ukiwa wa moto sawa na ule unaoingia kwenye valvu, valvu haifungi, au kebo yake haijarekebishwa.

Sasa ushauri wa U. Kama njia ya kukufikisha nyumbani, ni mzuri, na kila mwenye gari la namna hii awe nao kichwani. Kama suluhisho la kudumu kwa mtu wa Njombe, naupinga. Kwanza, hita ndiyo inayokausha ukungu kwenye kioo cha mbele. Anayejua asubuhi za huko, ukungu umelala kwenye mashamba ya chai na malori ya mbao yanakuja upande wa pili, anajua kwamba kioo kisichoona mbele ni hatari kuliko baridi. Pili, U iliyoachwa wazi inapitisha maji ya moto moja kwa moja kurudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, saa zote, hata kwenye joto la Dar. Si kiasi kikubwa, lakini gari la zamani lenye rejeta iliyoanza kuziba halina ziada ya kupoteza. Tatu, U mara nyingi inafanywa kwa mipira ile ile mizee, kwa hiyo hatari iliyokuwepo inabaki ilipo.

Mtu wa Dar au Tanga asiyehitaji hita kamwe anaweza kunibishia, na ana haki kiasi. Kwake, kama valvu ni ile ya matundu mawili ambayo ikifungwa maji hayapiti kabisa, kuziba njia zote mbili kwa vifuniko vya chuma na mipira mifupi mipya kunaifanya injini ione kama vile hita imefungwa. Bado ningependa aibakize hita, kwa sababu gari likianza kupanda joto mlimani kufungua hita yote kunasaidia kutoa joto kidogo, ila sitasema amekosea.

Kuhusu kutoa themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakishapata moto, hapana. Kwenye injini nyingi, themostati ikifunguka huwa inaziba pia njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka bila kufika kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha mlimani zaidi ya mwanzo. Kwenye baridi yenu dizeli hiyo itakuwa haifiki joto lake: italewa mafuta, italika mapema, na hita itapuliza uvuguvugu. Ukiwa na shaka na themostati, nunua mpya.

Kwenye kununua, chaguo langu la kwanza ni mipira ya umbo lake, iliyokunjwa kiwandani kwa gari hilo, kwa sababu kona zilizo karibu na ukuta ni za ghafla na mpira wa mita, yaani ule ulionyooka unaokatwa kwa mita dukani, ukilazimishwa kukunja pale unajibana na kufunga njia. Sehemu zilizonyooka weka mpira wa mita bila wasiwasi, mradi umeandikwa kuwa ni wa hita, kwa kawaida wenye alama ya SAE J20. Si wa mafuta, si wa bustani, hata kama muuzaji anakuapia. Pima bomba lako kwa kipimo kabla ya kukata. Mipira ya silikoni inavumilia joto vizuri sana, lakini ni laini: klipu yenye matundu inaikata, na ikigusana na oili inaharibika. Valvu nunua mpya, na kama fedha inaruhusu chukua ya orijino au ya chuma inayokubali kebo yako. Valvu ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la umri ule ule imezeeka sawa na yako, na mpira wa mtumba usinunue hata kwa bei ya soda.

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina sehemu moja ambayo ukikosea unalipia sana, nayo ni kuvua mpira mzee. Mabomba ya kirejeta cha hita yanayotokeza ukutani ni membamba, na raba ya miaka 30 imeshikamana nayo. Fundi mwenye haraka anaukamata mpira kwa pulaizi na kuuzungusha. Bomba linapinda au linaachia kiungo chake ndani ya dashibodi, na hapo mambo yameharibika. Fanya hivi: legeza klipu, isogeze nyuma, chukua wembe wa kukatia, upitishe kwa urefu wa mpira kuanzia mwisho wake, taratibu, bila kukandamiza hadi kukwaruza chuma. Kisha ubandue mpira kwa vidole kama unavyofungua ganda. Utautupa, kwa hiyo usiuhurumie. Safisha bomba kwa kitambaa kikavu na msasa laini hadi chokaa na kutu viishe. Mpira mpya upake maji ya sabuni ndipo uingie, usipake grisi wala oili. Klipu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka, isiwe juu yake. Klipu za springi zilizotoka na gari, kama bado zinabana, zirudishe, kwa sababu zinafuata mpira unapotanuka na kusinyaa. Za skrubu zinahitaji kukazwa tena baada ya gari kupata joto na kupoa mara ya kwanza, na kwenye shingo ya plastiki usizikaze kwa hasira, utapasua valvu mpya.

Kabla hujafunga klipu ya kebo, weka lango la ndani kwenye baridi kabisa, sukuma mkono wa valvu hadi mwisho wa kufunga, ndipo ubane ganda la kebo. Hatua hii inachukua dakika mbili, na huenda ndiyo itakayokurudishia AC yako ya Dar.

Wakati wa kujaza, paki gari pua ikiwa imeinuka, weka hita kwenye moto, mimina polepole, washa injini hadi themostati ifunguke, ongeza maji yanaposhuka. Mipira miwili ya hita ikiwa ya moto yote, maji yanazunguka. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, kuna hewa imenasa au kirejeta kimeziba. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, hata kama kwenu maji hayagandi kwenye injini. Kulanti inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yanaleta chokaa kwenye vimirija. Usichanganye kulanti za aina mbili kwa kuangalia rangi. Ile ya zamani ikinge kwenye beseni, kwa maana ina ladha tamu na ni sumu kali kwa mbwa na kwa watoto.

Kuna hali ambazo usibaki nazo nyumbani. Zulia la mbele likiwa na unyevu unaonata, au kioo kikiingia utando wa mafuta mafuta ukiwasha hita, kirejeta cha ndani kinavuja, na hiyo ni kazi ya gereji. Maji yakiendelea kupungua baada ya mipira mipya, tafuta gereji yenye pampu ya kupima presha ya rejeta, wapime mfumo wote na kifuniko chake ukiwa wa baridi. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, mipira kuwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, au moshi mweupe wenye harufu tamu, hizo ni dalili za silinda hedi au gasketi yake. Hapo acha kuendesha hadi fundi wa injini alione.

Safari ya Dar usiende na valvu hiyo. Spea zisipofika kwa wakati, funga U kwa mpira mpya wa hita na klipu mpya, jaza, toa hewa, uendeshe hapo mjini siku moja, kisha asubuhi injini ikiwa ya baridi uangalie kama maji yameshuka. Yakiwa pale pale, unaweza kwenda, ukijua kioo utakifuta kwa kitambaa hadi jua litoke. Beba mita moja ya mpira, klipu nne, bisibisi na lita kumi za maji. Fungua boneti uangalie Makambako na tena Iringa, lakini usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Kwenda utateremka Kitonga. Kurudi ndiyo utaipanda na mzigo, kwa hiyo kagua tena ukifika Ruaha Mbuyuni kabla hujaanza mlima. Na kagua Morogoro au Mikumi mjini, usije ukalazimika kusimama katikati ya hifadhi.